Mume Wangu Anaongea Mchana

Jumatano, 1 Machi 1995

Mvua. Ningeweza kuandika neno hilo moja kila siku kuanzia leo hadi mwisho wa Mei na hakuna ambaye angeniita mwongo. Nguo nilizofua Jumamosi bado mbichi, mkaa umelowa, na mimi mwenyewe nanuka moshi.

Nimeanza kuandika kwa sababu jioni sina wa kuzungumza naye. Mume wangu, Asajile, ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Mwishoni mwa Januari alianguka darasani akiwa na chaki mkononi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vikapooza, mdomo ukapinda, sauti ikakatika. Mguu umeanza kurudi, anajikongoja kwa fimbo kutoka kitandani hadi kibarazani. Mkono bado. Sauti ndiyo kimya kabisa. Mimi ni muuguzi, najua ugonjwa huu unaitwaje na umepiga upande gani wa ubongo, lakini ujuzi huo haunisaidii kitu giza likiingia na yeye anatazama ukuta.

Ijumaa, 3 Machi

Daktari Lazaro amefika kutoka Dar es Salaam, Land Rover yake imejaa matope mpaka kwenye vioo. Anafanya utafiti juu ya watu waliopooza upande mmoja. Vitabu vinasema kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye presha, naye anataka kujua kwa nini huku milimani kinawaangusha hata vijana. Mimi na Ackson, muuguzi mwenzangu, mwenyeji wa hapa, tumepangiwa kumsaidia.

Kazi yenyewe ni hii. Tunapima presha. Tunamfumbisha mgonjwa macho, tunamwambia anyooshe mikono, tunaangalia upi unashuka. Tunakwaruza wayo kwa ufunguo kuona kidole gumba kinainuka au kinajikunja. Mwisho tunamwonyesha picha: kikombe, saa, jembe, kuku. Hiki nini? Na hiki?

Daktari amesema mume wangu naye aingizwe, ila nisimpime mimi. Atampima Ackson.

Jumapili, 5 Machi

Baba mkwe amekuja kutoka kijijini Kinyala ili amwangalie mwanawe mchana ninapokuwa kazini. Mzee wa kanisa huyu, kwa kusali anamshinda mchungaji, lakini mila haiachi. Wanyakyusa wenyewe wanaita kutila: mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawatajani majina. Kwetu Muheza baba mkwe unamkaribisha, unampa chai, mnacheka. Hapa nikimwona njiani nachepuka migombani kama mwizi. Miaka mitano ya ndoa, ninachokijua kwake ni mgongo, kofia na kikohozi.

Tumepanga hivi, kupitia kwa wifi yangu Anneth. Nikirudi kazini nagonga bati la lango kwa mpini wa mwavuli. Mzee anakohoa, anatokea mlango wa nyuma, anashika njia ya Bulyaga anakolala kwa binti yake huyo. Mimi nasubiri kwenye migomba mpaka kikohozi kiishie mbali, ndipo naingia. Wodini hatukabidhiani mgonjwa bila ripoti. Nyumbani kwangu zamu inakabidhiwa kwa kikohozi.

Alhamisi, 9 Machi

Ackson amempima Asajile leo. Nilikaa nje ya mlango, nikijifanya nakunja bandeji.

Ackson alikuwa mwanafunzi wake, kwa hiyo alianza kwa heshima zote, shikamoo Mwalimu, samahani Mwalimu. Kisha akamwambia afumbe macho. Hakufumba. Akamwambia anyooshe ulimi. Hakunyoosha. Picha ya kikombe: kimya. Picha ya kuku: kimya. Kwenye picha ya jembe nikasikia Ackson anajikohoza, nikajua Asajile analia.

Ackson akaandika kwamba hasemi na haelewi. Alipotoka hakuniangalia usoni. Nikamwambia kazi ni kazi, asijali.

Ijumaa, 10 Machi

Mvua. Nimeunguza maharage.

Jumanne, 14 Machi

Wanaosema mume wangu alikuwa mpole hawakuwahi kuishi naye. Mtu huyu alikuwa na mdomo. Jioni alikuwa akileta insha za wanafunzi, mimi napika, yeye ananisomea kwa sauti ya mkuu wa mkoa, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Nikikosea jambo ananiita Mtanga wewe, na mimi namwita mlima ndizi, mkulima wa migombani. Sikujua kwamba huo ndio utajiri. Nilidhani utajiri ni kupata uhamisho nirudi kwetu.

Leo nimemwita mlima ndizi, kumchokoza tu. Amefumba macho akageukia ukutani. Nimeikumbuka sauti yake.

Jumamosi, 18 Machi

Anneth amekuja na ndizi na sweta la mitumba kwa ajili ya kaka yake. Tangu biashara zifunguliwe hana muda wa mtu, marobota yanamngoja Bulyaga. Amekaa kitandani, amemsemesha kwa Kiswahili safi kabisa, maana mbele yangu huwa hazungumzi Kinyakyusa. Ni mtu wa adabu, anasema kuongea lugha asiyoijua mgeni mbele yake ni sawa na kumsengenya. Asajile akamwangalia, akageuka.

Kabla ya kuondoka akaninong'oneza kwamba kanisani wanasema kaka amefungwa ulimi na mwalimu mwenzake mwenye wivu. Nikamwambia wivu hauzibi mishipa ya damu. Akasema, wifi, wewe endelea na vitabu vyako, sisi tutaendelea kuomba. Tukacheka kidogo, cheko la wagonjwa.

Ijumaa, 24 Machi

Leo tulikuwa Kinyala, tumetembea kwenye tope mpaka magotini. Bibi mmoja, upande wa kulia umelala, hakujibu hata swali moja. Naye tukaandika kwamba hasemi.

Lakini sikukaa hapa kuandika habari za bibi. Njiani kurudi Daktari Lazaro alisimamisha gari, akazima injini, akaniambia amesikiliza moyo wa Asajile mara mbili. Una mlio. Vali moja imekakamaa, yawezekana tangu utotoni, homa ya koo ambayo hakuna aliyeijali. Damu inatuama nyuma ya vali hiyo, inaganda, bonge likichomoka linapanda kichwani. Wagonjwa vijana karibu wote tuliowapima moyo wao ni hivyo hivyo. Jibu la utafiti wake linaanza kuonekana, nami nilimwona jinsi anavyojizuia asifurahi.

Nikamuuliza kama bonge jingine linaweza kuja. Akasema linaweza. Akaandika aspirini na sindano ya kila mwezi, akasema operesheni ya kutengeneza vali hapa nchini hakuna. Na hilo bonge jingine, lini? Akasema angejua lini angekuwa Mungu.

Basi nimejua ninachokitaka. Sitaki apone, hapo nimeshusha bei mwenyewe. Nataka kabla bonge jingine halijachomoka anisemeshe. Neno moja. Hata tusi.

Jumapili, 2 Aprili

Mvua. Nimemfundisha "maji" kutwa nzima, kikombe mkononi. Maji. Sema maji. Mwisho nikamkaripia. Akanywa.

Jumatatu, 10 Aprili

Mganga Mkuu ameniita ofisini, anatabasamu. Uhamisho umekubaliwa. Muheza, niripoti tarehe mosi Julai.

Miaka minne nimeuomba. Nilikuwa nalala naota michungwa, joto la mchana linalokufanya ukae chini ya feni bila kuona haya, mama yangu akibishana na muuza samaki. Nilikuwa nikiwaambia watu hapa mimi ni mpita njia, ndiyo maana hata lugha yao sikujisumbua. Wodini kuna wa kunitafsiria, nyumbani kuna mume mwalimu wa Kiswahili. Nimejua "ndaga", asante, na "isaga", karibu. Hayo yalitosha kwa mpita njia.

Mji huu hauna siri. Nilipofika sokoni mama wa viazi alikuwa ameshajua, akanipa pole na hongera kwa pamoja.

Nimemwambia Asajile, polepole, nikimshika mkono mzima. Twende wote Muheza, nikamwambia, bahari iko karibu, mama atatusaidia. Macho yake yalinifuata mdomo tu. Sijui kilichoingia.

Jumapili, 16 Aprili, Pasaka

Tumempeleka kanisani, Ackson na mimi, kila mtu na kwapa lake. Wimbo wa pili, wa Kinyakyusa, nikaona midomo yake inatembea. Nikamsogelea. Sauti ilikuwepo. Ndogo, ya kukwaruza, lakini maneno yalikuwa yanatoka na yalikuwa sahihi, maana waliokaa mbele yetu waligeuka.

Nilimkimbilia Daktari Lazaro kwenye nyumba ya wageni, amekaa anakula mayai. Akanituliza. Akasema nyimbo hazikai mahali pamoja na maneno, wengi wasiosema huimba, nisijipe matumaini. Nikarudi nyumbani nikamwimbia yeye na ukuta nyimbo zote za Kiswahili ninazozijua. Hakuna.

Ijumaa, 21 Aprili

Mvua ya mawe. Migomba miwili imelala.

Jumanne, 2 Mei

Nitaandika yote, maana nisipoandika nitavunja kitu.

Leo tulikuwa twende tena vijijini, lakini barabara imemomonyoka, gari likarudi, Daktari akatupa ruhusa. Nilifika nyumbani mchana mapema, mvua inanyesha kwa hasira. Nikagonga lango. Sikusikia kikohozi. Nikagonga tena. Bati la nyumba lilikuwa linapiga kelele kiasi kwamba hata mimi sikusikia nilivyogonga. Nikasogea mpaka chini ya dirisha, upande wa kibaraza, nijikinge.

Ndani kulikuwa na watu wawili wanaongea.

Mmoja ni Mzee, anaongea taratibu. Wa pili akamjibu. Akakwama, akatafuta, akapata, akaendelea. Akauliza swali, najua sauti ya swali hata kama sijui lugha. Mzee akajibu kwa maneno machache. Wa pili akasema jambo refu, sauti ikapanda mwishoni, ile kupanda ambayo wanafunzi wake wote wanaiga wakimwigiza nyuma yake. Ilikuwa sauti ya mume wangu. Ilikuwa nene kidogo, inavuta mguu kama yeye, lakini ni yake.

Nilisimama pale na mwavuli umefungwa, maji yananiingia shingoni. Kwanza nilimshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa dhati, kwa muda mfupi sana. Kisha nikafikiri: kumbe anaweza. Miezi mitatu nampangusa mate, nambembeleza aseme maji, nalala namsikiliza anavyohema, kumbe ulimi anao. Anao wa baba yake. Mimi ninapoingia anaukunja anauweka kabatini.

Nilirudi langoni nikagonga kwa jiwe. Safari hii wakasikia. Kikohozi, mlango wa nyuma, miguu kwenye tope. Nikaingia. Alikuwa amelala, macho ukutani, kimya.

Nikamuuliza, "Asajile, una la kuniambia?"

Hakugeuka.

Nimempa chakula, nimembadilisha shuka, nimemgeuza. Sijamsemesha tena.

Jumatano, 3 Mei

Ananikomoa. Ni kwa sababu ya uhamisho. Basi na aniambie ana hasira, mtu mzima huyu.

Alhamisi, 4 Mei

Na mimi nimenyamaza. Naingia, nafanya kazi zangu, natoka. Kusema kweli nyumba isiyo na sauti ya mtu inatisha. Sikujua ni kiasi gani nilikuwa naongea peke yangu.

Ijumaa, 5 Mei

Kazini Ackson ameniuliza kama naumwa. Nimemjibu vibaya, nikamnunulia soda.

Jumatatu, 8 Mei

Nimegonga lango, nikaingia kwenye migomba kusubiri. Kikohozi hakikuja. Mlango wa nyuma haukulia. Nikasubiri mpaka kanga ikalowa. Nikajua kuna jambo, bonge limechomoka, nikakimbia ndani bila kujali mila ya mtu.

Asajile alikuwa amekaa kitandani, mzima, amejifunika uso kwa mkono wa kushoto. Nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, Mzee alikuwa amesimama. Nilimwona mgongo kupitia mlango wa nyuma. Nikachuchumaa papo hapo na kutazama chini. Miguu yangu imejifunza mila kuliko kichwa.

Akaongea, uso kuelekea mvuani. Kiswahili chake ni cha taratibu, kila neno analiweka chini kwanza kabla ya kuchukua jingine.

"Mwanangu. Ninakusemesha. Mungu atanisamehe, na wazee watanisamehe."

Sikujua kama naruhusiwa kuitika. Nikaitika.

"Huyu analia siku nne. Anasema sasa hata ile sauti yako umemnyima. Anauliza unaondoka lini."

Nikauliza, nikiitazama sakafu, kwa nini haniulizi mwenyewe, na kwa nini kwangu mimi hasemi hata ndiyo.

 Mzee akasema Kiswahili kimemtoka mwanawe. Chote. Alipozinduka kiliondoka na kikabaki Kinyakyusa, nacho kikarudi kidogo kidogo tangu Machi, wakiwa wawili mchana. Ninapomsemesha mimi anasikia sauti tu, anajua ni yangu, anajua ni Kiswahili, haambulii neno. Mwalimu wa Kiswahili. Anaona aibu, ndiyo maana anageuka. Alimwomba baba yake asimwambie mtu.

"Mimi nilidhani unajua," akasema. "Nilidhani umekasirika, unajiandaa kwenda kwenu. Ningekuuliza vipi? Kila siku ananiuliza kama umepata safari. Nilimwambia ndiyo, mjini wanasema. Lini, hilo sijui. Siwezi kukuuliza."

Basi hivyo. Mmoja ana maneno hana lugha, mwingine ana lugha hana ruhusa, na mimi niliyekuwa na vyote nimekaa na hasira yangu. Miezi miwili tulikuwa watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyenyamaza.

Nikamwomba Mzee aniambie namna ya kusema sina hasira. Akaniambia, kuelekea mvuani. Nikarudia. Akaniambia tena. Nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamtoa Asajile mkono usoni, nikamwambia hivyo nilivyoambiwa, bila shaka kwa kuvunja mifupa ya lugha yake yote.

Akaniangalia sana. Kisha akasema, "Nkasi gwangu." Hayo sikuhitaji kutafsiriwa. Ni mke wangu.

Jumanne, 9 Mei

Nimemwambia Daktari Lazaro kila kitu. Amesimama, kiti kikaanguka. Ackson akaja na zile picha, akazungumza Kinyakyusa kwa mara ya kwanza ndani ya utafiti huu. Kikombe, saa, jembe, kuku: Asajile alivitaja vyote, kwenye saa akakwama kidogo. Alipoambiwa afumbe macho alifumba. Ackson akatoka nje akakaa kwenye ngazi, akaniambia Sista Doreen, nimezaliwa jirani na mtu huyu, kwa nini sikufikiri. Nikamwambia hata mimi nimeolewa naye. Nesi akivaa gauni jeupe, Kinyakyusa anakivua mlangoni. Ndivyo tulivyofundishwa, hospitali ni Kiswahili. Na nani angewaza kumpima mwalimu wa Kiswahili kwa lugha nyingine?

Daktari anasema inatokea, lugha ya kwanza husimama na nyingine huanguka. Kama Kiswahili kitarudi hajui. Akasema ni kesi nzuri sana. Nilimtazama mpaka akaomba radhi.

Ijumaa, 12 Mei

Tunawarudia wote tulioandika kwamba hawasemi. Leo ni yule bibi wa Kinyala. Ackson alimsalimu kwa lugha yake, bibi akamjibu na akamuuliza ni mtoto wa nani, na kwa nini amekonda. Nikamuuliza mwanawe kwa nini hakutuambia. Akashangaa. Akasema, "Sisi tulidhani mmekuja kumpima Kiswahili."

Garini Daktari akafuta yale tuliyoandika Machi. Anaanza upya sehemu nzima ya lugha.

Jumatano, 17 Mei

Mvua imepungua. Mzee ananifundisha. Nikirudi kazini haondoki tena mara moja. Anakaa nje ya ukuta wa jikoni kwenye kigoda, mgongo kwangu, mimi nipo ndani namenya ndizi, mgongo kwake. Nauliza, anajibu ukutani. Njaa ni hivi, baridi ni hivi, inauma wapi ni hivi. Hatujaonana uso na sidhani kama tutaonana. Nikikosea sana anakohoa.

Asajile akinisikia anacheka kwa nusu ya mdomo. Mwalimu hafi; ananirudisha kwenye neno moja mara nyingi kuliko alivyowarudisha wanafunzi wake.

Jumatatu, 22 Mei

Usiku nimeota michungwa. Nimeamka nimelowa machozi na sikumwambia mtu.

Ijumaa, 26 Mei

Nimeingia kwa Mganga Mkuu, nimemwambia siendi. Akaniuliza kama najua foleni ilivyo, na kwamba jina likitoka halirudi kirahisi. Najua. Nimewaza yote mawili usiku na mchana. Muheza hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia Asajile habari za asubuhi akaelewa. Nikimpeleka kule nitakuwa nimemnyamazisha mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Nimetoka ofisini sijafurahi. Nimeenda nyuma ya stoo ya dawa nikalia kwa ajili ya mama yangu, kisha nikanawa uso nikaenda kuchoma sindano.

Jumamosi, 3 Juni

Daktari ameondoka na makaratasi yake. Amesikiliza tena moyo wa Asajile. Mlio uko pale pale. Ameniambia nisiache sindano, na nisihesabu siku. Nahesabu.

Jumapili, 11 Juni

Mvua imekwisha, imetuachia ukungu na baridi ya kupasua midomo. Saa nne jua likatoka. Nimemtoa Asajile kibarazani, nimemfunika blanketi, nimempa chai kwenye mkono wa kushoto. Mzee yuko kanisani. Tulikuwa wawili tu.

Tukaongea, kwa Kinyakyusa changu cha kuombaomba. Baridi? Ndiyo. Inauma? Hapana. Umeshiba? Nimeshiba. Baada ya hapo nikaishiwa, nikakaa. Ndivyo nilivyo sasa. Kila ninachotaka kusema nakipima kwanza kama neno lake ninalo, na mara nyingi sina, basi nakiacha.

Akaniangalia kwa muda. Akasema jambo, sikulielewa. Akalirudia kwa maneno madogo zaidi, kama mtu anavyozungumza na mtoto wa darasa la kwanza. Safari hii nikalipata. Alisema ananikumbuka.

Nikamwambia mimi niko hapa.

Akatikisa kichwa. Akasema hapana, yule mwingine. Yule anayeongea sana. Akasema tangu nianze kujifunza lugha yake nyumba imekuwa kimya. Akanionyesha mdomo wangu kwa kidole, akasema: sema cha kwako.

Nikamuuliza kama ataelewa. Akasema hataelewa. Akaweka kikombe chini, akaegemea ukuta, akafumba macho kusubiri.

Basi nikasema. Nikaanza na mama yangu na muuza samaki, jinsi wanavyogombana kila siku na hakuna anayeacha kwenda kwa mwenzake. Nikamwambia habari za michungwa, na lile joto. Nikamwambia uhamisho nimeurudisha na kwamba bado naupenda, kwamba kuna asubuhi naichukia milima yao yote. Nikamwambia nasikiliza moyo wake anapolala, sikio kifuani, na kwamba naogopa mpaka meno yanagongana. Nikamwita mlima ndizi. Niliongea kama mtu aliyefunguliwa, Kiswahili cha kwetu cha mtaani ambacho alikuwa akinikosoa, na hakunikosoa hata neno. Alikuwa anasikiliza na macho yamefumbwa, uso umetulia pande zote mbili.

Nikanyamaza nipenge kamasi. Akafumbua macho. Akaniuliza, kwa lugha yake, kama nimemaliza.

Nikamwambia bado.

Akasema niendelee.